Vumbi la Lava

"Miye siombeake mutu," Ridhwani alijigamba mbele ya mtaa mzima wa Murara, uliojengwa juu ya lava iliyopoa. "Dua haikuzima volkano, itazima risasi?"

Wakati huo vita vilikuwa vimefunga barabara ya Kiwanja, na rafiki yake Igiraneza, dereva wa pikipiki, alikuwa hajarudi siku tatu. Siku ya nne akatokea kwa miguu, nyayo zimevimba.

"Kila nilipotaka kukata tamaa porini," alisema, "nilijiambia nyumbani kuna mutu ananiombea, nikainuka."

"Ni mama yako," Ridhwani akadakia. "Si miye!"

Mukakalisa, mama yake Igiraneza, akacheka huku akilia, akamgeukia Ridhwani.

"Papa, kila asubuhi nilikuona nyuma ya nyumba, unasujudu na kutaja jina lake. Leo ungefuta basi hiyo vumbi ya lava kwenye paji!"