Inchi Mbili, Mbili

Siku Kinyozi alipoleta jipu nyumbani, mkewe alikuwa anaanua nguo. Alilitazama gari, akamtazama mume, akaendelea kuanua.

"Nimekununulia jipu!" Kinyozi akatangaza, mikono kiunoni.

"Majipu nayapasua kila siku kazini," mke akajibu. "Unaniletea na nyumbani?"

Huyo ndiye Sista. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu alikuwa muuguzi, na hata mumewe alishasahau kumwita vinginevyo. Mwanamke mfupi, goti la kulia bovu kwa kusimama wodini miaka nenda miaka rudi, na ulimi usiohitaji kunolewa.

Gari lenyewe lilikuwa limetumika mpaka likachoka. Viti vimechanika, mlango wa nyuma unafunguka kwa kubembelezwa, na matairi yote manne vipara. Wateja wa Kinyozi walicheka hadi wakashika mbavu: kinyozi mzima ananunua vipara! Lakini injini ilikuwa nzima, na mtu mwenyewe alikuwa na sababu yake.

Sababu ilikuwa likizo. Kila mwaka Sista alipopewa likizo, alifunga mkoba akaenda kwa mdogo wake, mama wa watoto watano na nyumba ambayo sufuria haikauki. Huko alipika, akafua, akaogesha, akatibu mafua ya ukoo mzima, kisha akarudi amekonda na kuingia zamu moja kwa moja. Kinyozi alibaki anakaanga mayai. Wala si mayai yaliyomuuma, msimwonee. Alimpenda mkewe, basi, na alikuwa amechoka kumwona akipita tu mlangoni, anatoka au anaingia.

"Mwaka huu twende ziwani," akamwambia. "Tunalala ndani ya gari. Mimi na wewe tu, hakuna mgonjwa, hakuna mteja."

Sista alicheka, ila hakukataa. "Likiwa tayari siku likizo inapoanza, na likinifaa, nitakwenda. Lisiponifaa, nakwenda kwa mdogo wangu. Nimemwambia asubiri jibu."

Kinyozi akakunja mikono ya shati. Na hapo ndipo alipoharibu, maana badala ya kukaa na mkewe akayapeleka mambo dukani.

Duka la kunyolea mnalijua. Anayekaa kwenye kiti anapata shuka shingoni na digrii ya kila kitu kwa wakati mmoja. Dereva mstaafu wa lori alisema bila winchi ya kujivutia kwenye tope asitoke nyumbani. Muuza viatu alisema taa sita juu ya keria, kwa sababu porini giza lake ni jingine. Mwalimu wa hesabu, ambaye hata baiskeli hana, alitaka bomba la kupumulia linalopanda mpaka juu ya paa, ili gari likivuka mto injini isinywe maji.

"Mto gani, mwalimu?"

"Wowote utakaokutana nao!"

Kwa taarifa yenu, njia ya ziwani ilikuwa ya vumbi, ina mawe kidogo na dimbwi moja ambalo wauza samaki hulivuka kwa baiskeli wakipiga mluzi. Lakini nani angemwambia Kinyozi? Kichwa kilishavimba. Usiku mmoja mezani Sista alianza, "Mimi nilikuwa nafikiria hilo gari..." na mumewe akamkatisha, mdomo umejaa wali: "Wewe usijali! Kila kitu nakiweka sawa mimi." Sista akaendelea kula.

Gari likapelekwa kwa Fundi Nati, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kutupa nati hata moja. Mifuko yake ililia njuga akitembea. Akafunga matairi mapya yenye meno. Kisha akapiga simu dukani, saa ambayo mashine ya kunyolea inanguruma, redio inapiga kelele, na mwalimu wa hesabu yuko kwenye kiti.

"Gari naliinua inchi ngapi?" fundi akauliza.

"Inchi mbili!" Kinyozi akapaza sauti, simu ameibana begani.

Mwalimu naye akapapasa kichwa chake kwa wasiwasi. "Umeweka namba ngapi kwenye hiyo mashine?"

"Mbili!" Kinyozi akamjibu.

"Mbili, mbili?" fundi akauliza kwenye simu.

"Ndiyo bwana, mbili, mbili!" akafoka, akidhani fundi anahakikisha tu. Akakata simu.

Sasa sikilizeni. Gari huinuliwa kwa namna mbili. Unaweza kuweka springi ndefu zaidi, au ukapachika vipande vya mpira mgumu kati ya bodi na chesi, ile fremu ya chini. Fundi akiambiwa mbilimbili haulizi zaidi: mbili za springi, mbili za bodi. Fundi Nati akashika spana, kazi ikaanza.

Kinyozi alipokwenda kulichukua alipigwa na butwaa, kisha akapigwa na furaha. Lo! Gari limesimama, utadhani linataka kuchungulia ndani ya nyumba za ghorofa! Akajisemea ni yale matairi. Akaning'inia kwenye mpini wa mlango, akajivuta, akaingia. Gia iligoma kidogo, taa zilimulika mapaa badala ya barabara, lakini nani ana habari? Alipita mtaani anapiga honi mpaka majirani wakatoka.

Sista alikuwa ndio kwanza anatoka zamu, amevaa gauni lake jeupe. Akasimama kando ya gari. Kizingiti cha mlango kilimfika karibu na kiuno.

"Hili linapandwa kwa ngazi au kwa maombi?"

Majirani wakaangua kicheko. Kinyozi akasema ni rahisi tu, shika hapa, kanyaga pale. Sista akashika hapa. Akakanyaga pale. Goti likakataa. Kinyozi akamsukuma kutoka chini kama mtu anayepandisha gunia la viazi, gauni likanasa, kiatu kikaanguka, jirani mmoja akapiga makofi. Sista akashuka, akaokota kiatu chake, akacheka pamoja nao, akaingia ndani.

Ndani hakucheka. Alikaa kitandani, mkono juu ya goti.

"Nakwenda kwa mdogo wangu," akasema.

"Nitatafuta kigoda! Nitamwambia fundi—"

"Si kigoda, mume wangu." Alisema polepole, na huo upole ndio uliomchoma Kinyozi. "Dereva wa lori umemsikiliza. Muuza viatu umemsikiliza. Mwalimu, mtu anayeogopa hata kuvuka barabara, umemsikiliza. Mimi ndiye ninayekwenda, na hujaniuliza hata swali moja."

Kinyozi akanywea. Usiku ule alilala akiutazama ukuta.

Asubuhi akafungua duka kama kawaida. Mteja wa kwanza akaketi, akafungwa shuka, na Kinyozi akauliza lile analouliza kila siku: "Nikunyoe vipi?" Akaanza kunyoa, lakini swali likamrudia mwenyewe. Ameuliza swali hilo kwa mabosi na kwa walevi, kwa watoto wachanga wasiojua hata kusema, na hajawahi kugusa kichwa cha mtu kabla ya kuuliza. Ila cha mkewe! Akaweka mashine chini.

"Nakuja," akamwambia mteja.

"Wewe! Umeninyoa upande mmoja!"

"Nakuja, nimesema!"

Akakimbia mpaka hospitali, aproni bado kiunoni, akaingia kwenye foleni pamoja na wagonjwa. Zamu yake ilipofika, Sista hakuinua macho.

"Unaumwa nini?"

"Naumwa ujinga."

Kalamu ikasimama. "Umeanza lini?"

"Tangu niliponunua jipu."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma na mtoto mgongoni akacheka. Sista akajikaza asicheke, akashindwa. Kinyozi akaona hapohapo ndipo pa kupenyea.

"Mke wangu, nikutengenezee vipi?"

Sista akaegemea kiti. "Nataka kulala nimenyooka, si kujikunja. Nataka nikipanda nipande mwenyewe, nisisukumwe makalio mbele ya majirani. Na nataka usukani."

"Usukani upi?"

"Una masikio kweli? Usukani wa gari! Umesahau nilikuwa naendesha gari la chanjo? Njia nilizopita mimi, dereva wako wa lori angemwita mama yake."

Kinyozi akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kweli kabisa! Alimpenda siku alipomwona anateremka kwenye gari lile, ametapakaa vumbi, anamfokea mtu mzima aliyekimbia sindano. Miaka imepita, watoto wao wamekua na kuhama, na yeye amemwona akipanda mabasi tu mpaka picha ile ikamtoka kichwani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza. Ukaniambia nisijali. Anayefuata!"

Gereji kulikuwa na mjadala.

"Si wewe uliyesema mbilimbili?" Fundi Nati akang'aka.

"Mbili zilikuwa zako, mbili zilikuwa za mwalimu!"

"Kumbe mwalimu naye ana gari?"

"Ana kichwa!"

Walipoelewana walicheka hadi fundi akakaa juu ya tairi. Ila alipoingia chini ya gari kicheko kikamwisha: mipira inayopitisha mafuta ya breki ilikuwa imevutika mpaka mwisho, haina hata nafasi ya kupumua. Akakiri kwamba ile kazi aliifanya haraka mno, akaona aibu, akaanza kuvitoa vile vipande vya bodi siku ileile. Zikabaki inchi mbili za springi, zinazotosha kwa mawe yale na dimbwi lile. Winchi ikaahirishwa. Taa sita zikaahirishwa. Bomba la mwalimu halikuzungumzwa tena.

Jioni Sista akaja akiwa na viatu vyake vya kazini. Fundi akamwomba ainue goti bovu taratibu, aishie pale linapoanza kuuma. Akachora mstari wa chaki kwenye mlango, kisha akashusha kidogo, na hapo ndipo alipochomelea kibao cha kukanyagia. Kiti cha dereva kikasogezwa mbele. Kikabaki kitanda. Walitaka kukata mbao za kulalia nyuma, Fundi Nati akatandika boksi sakafuni, akasema, "Sista, jilaze hapo nikupime."

Sista akajilaza, akanyoosha miguu. Fundi akaenda kutafuta tepu. Aliporudi, mwanamke alikuwa amelala fofofo. Pembeni watu wanagonga bodi kwa nyundo, kule mashine inapiga kelele, na yeye anakoroma juu ya boksi.

Kinyozi alisimama pale akimtazama. Alikuwa anajua mkewe anachoka, nani asiyejua? Kumbe hakuwa anajua. Akawaendea wale wa nyundo mmojammoja, kidole mdomoni, na gereji nzima ikafanya kazi kwa kunong'ona mpaka alipoamka mwenyewe.

"Mmenipima?" akauliza, anajifuta mdomo.

"Tumekupima," fundi akasema.

"Basi kesho tutajua. Mdogo wangu bado sijamjibu."

Kesho yake ndiyo likizo ilianza. Sista akakanyaga kibao, akashika mpini, akapanda. Mara moja! Kinyozi akataka kushangilia, akaambiwa aingie upande wa pili na afunge mkanda.

Lami ilipokwisha, Kinyozi alishika kishikio cha juu na hakukiachia tena. Mkewe alikuwa anakwenda taratibu, lakini alikuwa anakwenda! Kwenye mawe alipandisha tairi juu ya jiwe kwa makusudi, asiligonge kwa tumbo la gari. Kwenye dimbwi akasimama, akashuka, akachovya kijiti kupima kina, akapanda tena.

"Tia gia ndogo, kanyaga mafuta, usi—"

"Nyamaza nisikie injini."

Gari likaingia, maji yakaruka pembeni, matairi yakang'ata tope, wakatoka upande wa pili. Sista akapiga kigelegele ambacho Kinyozi hakuwahi kukisikia kwake hata siku ya harusi.

Walifika ziwani jua bado liko juu. Kinyozi alikuwa anafunga kamba ya turubai kwenye keria simu ya mkewe ilipolia. Alijua ni nani hata kabla hajasikia sauti.

"Dada uko wapi? Tumekusubiri tangu asubuhi! Huyu wa tatu mafua yamembana, na nguo ndio usiseme."

Mikono ya Kinyozi ikasimama kwenye kamba. Sista hakuwahi kumkatalia mdogo wake jambo, tangu walipokuwa wadogo wanalala mkeka mmoja. Gari lilikuwa limeegeshwa likitazama barabara. Kama akisema twende, wataenda, na Kinyozi aliapa moyoni hatalalamika.

Sista akageukia maji.

"Mpe vinywaji vya moto, apumzike. Homa ikipanda mpeleke hospitali," akasema. "Nguo zifue na wanao, wameshakua. Mimi niko likizo."

"Si ndiyo hiyo likizo, dada? Si unakuja kwetu?"

"Kwenu ilikuwa zamu, mdogo wangu," Sista akasema. "Nakupenda, lakini ilikuwa zamu."

Akamuaga vizuri, akamwambia watazungumza akirudi, akazima simu kabisa. Kisha akapanda nyuma, akaketi ukingoni mwa godoro, akaning'iniza miguu, akavua viatu.

"Acha hiyo kamba," akamwambia mumewe. "Njoo ukae hapa. Leo sina pa kwenda."

Kinyozi akaiacha kamba. Akaja akakaa.