Gari la Jumapili

Asubuhi ile kiti kimoja hakikumtosha Fidelia. Alikaa jikoni akainuka, akakaa sebuleni akainuka, akatoka kibarazani na kikombe cha chai, akakiweka juu ya ukuta na kukisahau, kisha akarudi ndani kukitafuta. Ukungu wa Juni ulikuwa bado umeufunika mtaa mzima wa Ramadhani, mjini Njombe. Uani, chini ya banda la mabati, gari jeusi la mwanawe lilikuwa limetulia kama ng'ombe aliyelala. Limetulia mno, na hapo ndipo ilipokuwa shida yote.

Gari lilikuwa limeuzwa. Anold alikuwa amepiga simu juzi kutoka Dar es Salaam, siku ambayo si yake ya kupiga, akasema tajiri mmoja wa malori wa Makambako, anaitwa Mansoor, amelipenda kwenye picha na Jumamosi atatuma dereva alichukue. "Limekaa bure hapo, mama. Linawaka vizuri, si ndiyo?" Na Fidelia akajibu, "Linawaka, mwanangu," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kila Jumapili.

Halikuwa linawaka. Lilikuwa limekufa kabisa. Taa hazikuonyesha hata dalili, milango haikuitikia rimoti, na aliyeliua ni yeye mwenyewe.

Hakuliua kwa ubaya, jamani. Anold alipolileta lile gari la Kijerumani na kuliegesha pale, alimwachia mama yake funguo na maagizo: kila Jumapili akitoka kanisani aliwashe, aliache lingurume kwa muda, ndipo alizime. Na kila Jumapili mchana alipiga simu kuhakikisha. Kabla ya gari, Anold alikuwa mtu wa kupiga simu Krismasi, Pasaka na kwenye misiba. Baada ya gari hakukosa Jumapili hata moja. "Mama, umewasha gari?" Ndivyo alivyoanza, mara nyingine hata bila salamu, lakini ilikuwa sauti yake. Ikishaanza, Fidelia aliichokonoa ili isikatike upesi: umekula nini, mgongo unaendeleaje, huko kwenu joto vipi? Anold alijibu kwa neno moja moja, kisha akarudi kwenye habari ya gari.

Mwanzoni Fidelia aliwasha kweli. Halafu akaona mafuta yanavyoshuka, na mwanamke aliyesomesha mtoto kwa viazi na maharage hapendi kuona kitu kinaungua bure. Ndipo alipogundua kwamba ukibonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki, injini hailii, lakini viti vinapata moto. Anayeijua baridi ya Njombe hahitaji kuelezwa zaidi. Jumapili zikawa hivyo: Fidelia kwenye kiti cha dereva, jirani yake Nelly, mwalimu mstaafu, kwenye kiti cha pili, chupa ya chai katikati, redio inaimba kwaya, wanawake wawili wazima wanapasha mifupa yao moto mpaka jioni. Betri ilivumilia, ikavumilia, ikachoka. Anold akiuliza, mama anasema amewasha.

Geti likagongwa. Aliyeingia alikuwa Halfan, dereva wa Mansoor, mwembamba, koti limefungwa mpaka kidevuni, simu imeshikwa mkononi kama kitu cha kuunguza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

"Chai nitakunywa siku nyingine, unisamehe. Bosi ananipigia kila mara. Anataka gari liwe uani kwake kabla ya mchana."

Alibonyeza rimoti aliyokabidhiwa na Fidelia. Akabonyeza tena, akaisogeza karibu na mlango, akaitikisa. Fidelia alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Ni hii baridi," Fidelia alidanganya. Akachukua rimoti, akavuta kijifunguo cha chuma kilichojificha ndani yake, akafungua mlango wa dereva kwa mkono.

Halfan akafungua boneti, akainama. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akasimama wima. "Mama, betri imeibiwa."

"Haijaibiwa. Iko nyuma kwenye buti, chini ya zulia. Hawa Wajerumani wameiweka huko."

Halfan akamwangalia kwa mshangao. Alichokuwa hajui ni kwamba maneno yote aliyopewa Fidelia na mwanawe tangu gari lije yalikuwa ya gari. Mama mwingine angesimuliwa habari za wajukuu. Yeye alisimuliwa habari za betri, naye akazishika zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu ndizo alizopewa.

Buti lilifunguliwa kwa kile kijifunguo. Wakainua zulia. Betri ilikuwa pale, kubwa, nyeusi, haikuvimba wala haikuvuja. Halfan akapangusa mikono kwenye suruali.

"Lingekuwa la gia za kawaida tungelisukuma pale mteremkoni. Hili ni otomatiki, halisukumwi." Simu yake ikaita. Akajibu, "Ndiyo bosi, niko nalo hapa," akakata, akapiga nyingine. "Kuna jamaa yangu anapita na lori la viazi kutoka Iwawa. Ana nyaya za kubustia betri iliyokufa. Tutalibusti na lori, dakika moja tu."

Fidelia akakunja tena pindo la kanga yake.

Lori lilifika likirudi kinyumenyume, likapita geti mpaka karibu na banda, likavunja mahindi mawili ya pembeni. Faustine, dereva wake, alishuka na nyaya mabegani, na haraka ya mtu ambaye mzigo wake unasubiriwa. Akafungua kifuniko cha betri za lori, akabana nyaya upande wake, akamrushia Halfan ncha zilizobaki. Halfan akainama ndani ya buti.

Fidelia alisimama hatua chache nyuma yao, na masikioni mwake sauti ya Anold ilikuwa wazi kabisa. Lori usilisogeze karibu, mama. Umeme wa lori ni mara mbili ya umeme wa hili. Ukiunganisha, kompyuta zote zinaungua, linabaki bati.

Linabaki bati. Na bati halinunuliwi. Likiungua, Mansoor hatalitaka, litabaki hapa hapa uani. Anold atagomba, lakini itabidi aje mwenyewe kuliona, alale hapa usiku mmoja, labda miwili. Mafundi wataitwa, simu zitapigwa, si Jumapili tu, hata katikati ya wiki. Na nani atamlaumu yeye? Bibi wa watu, atajulia wapi habari za umeme? Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kitu chepesi.

"Lakini kaka, hili si la umeme mdogo?" Halfan aliuliza, mkono umesita.

"Gusa tu uachie," alisema Faustine. "Makambako siku zote tunafanya hivi. Gusa, bosi wako anasubiri."

Simu ya Halfan ikaanza kuita tena mfukoni. Hakuipokea. Fidelia aliona shingo yake, nyembamba, imetoa jasho kwenye baridi ile, na akajua ni nani hasa atakayelaumiwa. Mtoto wa mtu. Mama yake pengine naye anasubiri simu mahali fulani. Na baada ya hapo ingekuwaje? Kila Jumapili angekuwa na uongo mwingine wa kuulisha, mkubwa kuliko wa kwanza. Alikuwa amechoka nao. Alitamani sana kumwona mwanawe, lakini hakutaka kumpata hivyo.

"Toa mkono humo, baba."

Halfan akageuka.

"Lori lina umeme mara mbili. Litaliunguza. Na hata gari dogo huliunganishi humo kwenye buti, betri inaweza kutoa gesi, cheche ikiruka inakulipukia usoni. Mbele, chini ya boneti, kuna kifuniko chekundu. Hapo ndipo linapolishwa umeme."

Faustine alicheka, akakusanya nyaya zake. "Tungetumia hata betri moja ya lori badala ya mbili, mama, ingewezekana. Lakini mimi viazi vyangu havisubiri darasa." Akamwachia Halfan nyaya, akasema atazichukua Makambako, akaondoa lori lake.

Fidelia alikwenda mwenyewe kumwita Nelly. Hakutembea, alikimbia, na hakuwa amekimbia tangu mwaka gani sijui. Nelly akaja na gari lake dogo, IST ya rangi ya maziwa, kitenge juu ya nguo ya kulalia.

"Mwenzio nimekuja kama mshtakiwa," alimnong'oneza. "Kiti kile kingine nilikikalia mimi."

Wakaziweka pua za magari karibu bila kugusana. Halfan akazima kila kitu, akafungua kifuniko chekundu, na hapo kweli palikuwa na kichwa cha chuma chenye alama ya kujumlisha. Fidelia alisema, Halfan alifanya. Waya mwekundu kwanza kwenye gari lililokufa, kisha kwenye betri ya IST. Mweusi kwenye betri ya IST. Ncha ya mwisho ya mweusi, Halfan mwenyewe aliitafutia mahali, kwenye chuma tupu cha bodi ya gari jeusi, mbali na kifuniko chekundu. "Hii ya mwisho ndiyo huwa inatoa cheche," alisema, naye Fidelia akatikisa kichwa kukubali, maana hata Anold alisema hivyo.

Nelly akawasha gari lake, wakasubiri. Fidelia hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka banda, akang'oa majani ambayo hayakuwa na kosa, akamuuliza Halfan kama tayari, akaambiwa bado, akazunguka tena. Hakujua anaomba nini. Nusu yake iliomba liwake na nusu yake iliomba lisiwake, na Mungu wa Walutheri alikuwa na kazi asubuhi ile.

Mara ya kwanza taa za dashibodi zilipepesa tu zikafa. Mara ya pili injini ilijikokota, ikakohoa, ikashika. Ikanguruma chini kwa chini, kitajiri, kama siku ile Anold alipoingia nalo getini. Nelly akapiga makofi.

Halfan akatoa nyaya kwa kurudi nyuma, wa mwisho kuingia ukawa wa kwanza kutoka. "Sitalizima mpaka Makambako," alisema. "Kule tuna chaja nzuri, itaichaji betri polepole."

"Subiri." Fidelia aliingia ndani, akatoka na sweta na mkoba. "Mgeni akiondoka anasindikizwa. Na hili limekaa kwangu muda mrefu."

Njiani walipita misitu ya misonobari, ukungu ukawa unatawanyika, jua likapiga kioo mpaka ndani kukawa na joto la kutosha, Fidelia akavua sweta akaliweka pembeni. Halfan alinyoosha kidole kwenye kitufe chenye picha ya kiti. Fidelia akampiga kofi dogo la mkono.

"Usiguse hicho. Hicho ndicho kilichoiua."

Ndipo akamweleza yote, chupa ya chai, kwaya, Jumapili. Halfan alicheka mpaka akapunguza mwendo. Kicheko kilipoisha akakaza macho barabarani. "Mimi mama yangu yuko Singida," alisema.

Makambako kulikuwa na upepo. Uani kwa Mansoor malori yalikuwa yamejipanga, na Mansoor mwenyewe, mzee mwenye kofia ya kufuma, alimpokea Fidelia kwa heshima zote na kuagiza aletewe chai ya tangawizi. Gari likazimwa. Wakaunganisha chaja palepale mbele, kwenye kifuniko chekundu, ikaanza kuvuma taratibu. Mansoor akalizunguka gari, akapitisha mkono kwenye bodi, akasema amelipenda. Basi. Likawa lake.

Simu ya Fidelia ikaita.

"Mama, limefika? Limewaka?"

"Limefika. Lakini halikuwa linawaka, Anold. Betri ilikufa, niliiua mimi. Nilikuwa naota moto kwenye viti, injini siwashi, na wewe nakudanganya. Tumelibusti na gari la Nelly, kama ulivyofundisha, mbele, si nyuma. Halijaungua kitu."

Alisikia mwanawe akivuta pumzi. "Sasa mama, si ungeniambia tu?"

"Ningekwambia, usingeuliza tena." Upepo ulimpiga usoni, akaupa mgongo. "Gari limeshauzwa, mwanangu. Kesho Jumapili. Utaniuliza nini?"

Kimya. Siku zote kimya kama hicho Fidelia alikiziba haraka, kwa mgongo, kwa chakula, kwa joto la Dar. Safari hii hakukiziba. Aliishika simu kwa mikono miwili akangoja, na chaja nayo ikaendelea kuvuma.

"Mama," Anold alisema hatimaye, kisha akakohoa. "Hapo Makambako nasikia upepo. Umevaa sweta?"

Palikuwa na tairi kuukuu la lori karibu na ukuta. Fidelia akalikalia, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuona haja ya kuinuka.

"Sijavaa," alisema. "Nimelisahau kwenye gari."