Msitu Mdogo Nyuma ya Karakana

Jumanne moja ya Machi 2015, umeme ulipokatwa Jeppestown, Johannesburg, kwa zamu kama ilivyotangazwa, Jeannine aliiacha sare ya shule chini ya sindano ya cherehani, akaenda kufungua mlango wa nyuma ili apate mwanga. Mlango huo siku zote ulifungukia uchochoro wenye mapipa ya taka na ukuta wa kiwanda kilichofungwa. Siku hiyo ulifungukia msitu mdogo wa Uingereza.

Ulikuwa msitu wa kawaida. Kulikuwa na mialoni mizee, vichaka vya miiba, na kijia chenye matope kilichopinda kuelekea mahali pasipoonekana. Upande mmoja kulikuwa na malisho ya kondoo, upande wa pili paa la kanisa la mawe. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha bila haraka. Égide, Mrundi mshona viatu aliyegawana naye karakana, aliinua uso kutoka kwenye soli aliyokuwa akiigundisha.

"Jeannine, funga basi. Unyevu unaingia, na gundi yangu haitakauka."

"Kuna miti huku."

"Nimeiona. Funga."

Aliufunga, lakini akiwa upande wa miti.

Hakwenda mbali. Karibu na gogo lililoanguka, bibi mmoja aliyevaa koti kubwa la kiume alikuwa ameinama akichuma majani yanayowasha, mikono ameivisha soksi. Alikuwa mama yake, Masika. Hawakuwa wameonana tangu vita vilipowatawanya kutoka Butembo, Kongo. Mama na Héritière, dada mkubwa, walikimbilia kambini Uganda, na kutoka huko wakachukuliwa kwenda kuishi Uingereza. Jeannine alikuwa ameshashika njia ya kusini mpaka Johannesburg. Aliomba viza ya kwenda kumwona mama, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa tena.

"Mama, ni mimi."

"Ninaona ni wewe. Umekonda. Shika huu mfuko."

Jeannine aliushika. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, akasema ni majani yanawasha. Mama alikubali kwamba ni majani.

"Wazungu hawayali," mama alisema. "Lakini ukiyachemsha, lengalenga kabisa, kama mchicha wetu. Twende nyumbani, yaya yako Héritière amepika."

Walifuata kijia mpaka kwenye lango dogo la mbao mwisho wa msitu. Ng'ambo ya barabara nyembamba kulikuwa na nyumba ya matofali yenye pazia la kitenge dirishani. Mama akapita langoni. Jeannine akapita nyuma yake, na mguu wake ulipokanyaga chini alikuwa amesimama Jules Street kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari, nyekundu ikiwaka, mfuko wa majani mkononi. Dereva wa teksi alimpigia honi ajitoe njiani. Alijitoa, akatembea mpaka karakana, akamalizia ile sare.

Kesho yake alipofungua tena mlango wa nyuma, mama alikuwa amekaa kwenye gogo akimngoja.

"Kumbe hata hapa wanakudai viza," alisema, akamtengea nafasi.

Basi wakazoea hivyo. Johannesburg jua lilipochoma, kule majani yalidondoka. Jeppestown watu walipojikunyata kando ya mbaula za makaa, msituni kulijaa maua ya rangi ya bluu chini ya miti. Jeannine alikuwa akienda saa ya chakula na kurudi kabla wateja hawajaanza kununa. Héritière naye alikuja siku ambazo hakuwa kazini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa hasira, na siku moja aliamua kulimaliza jambo lile kwa nguvu. Alimkamata mdogo wake kiunoni, wakaruka lango pamoja. Héritière aliangukia barabarani peke yake, mikono imekumbatia hewa. Alikaa pale chini akitukana kwa Kinande mpaka mzee mmoja mwenye mbwa akaja kumwinua.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenye msitu. Siku nyingine, Jeannine akiwapo, aliwaeleza taratibu kwamba miti ni yake lakini kijia ni cha watu wote, tangu enzi za babu zake, na yeyote anaweza kupita bila kuomba ruhusa. Jeannine alimuuliza kuhusu lango. Mzee alifikiri kidogo, akasema lango linafunguka vizuri tu, kila mwaka hulitia mafuta.

Jeannine alipoomba viza kwa mara nyingine aliamua kusema kweli. Alimwambia binti wa dirishani kwamba Uingereza anakwenda mara kwa mara, na kila mara anarudi kabla ya kufunga karakana. Binti yule hakushangaa. Alimuuliza kama ana mihuri ya safari hizo. Jeannine hakuwa nayo. Jibu lilipokuja lilisema ombi limekataliwa, kwa sababu hawakuridhika kwamba akifika Uingereza atarudi.

"Eish," alisema Égide. "Wangeniuliza mimi. Unarudi na matope kila siku, na mwenye kufagia ni mimi."

Mwaka 2018 mama alianza kukohoa. Kwanza alikuja msituni kwa fimbo, kisha Héritière akawa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, akisimama kila penye mzizi. Siku moja ya mwisho wa Oktoba, majani yakidondoka mapajani mwake, mama alimshika Jeannine mkono.

"Nishonee gauni. Ile rangi ya kijani niliyokuwa naipenda."

"Nitakupima."

"Vipimo vyangu unavijua. Usilibane kiunoni, nitakuwa nimelala."

Jeannine alimpangusa majani mapajani. Ndege mmoja mwenye mkia mrefu alipita kijiani akitembea kwa miguu kama mtu anayekwenda kazini.

"Na mikono iwe mirefu," mama aliongeza. "Hii nchi iko na baridi."

Baada ya hapo mama hakuweza tena kutoka kitandani. Jeannine alikuwa akisimama langoni na Héritière akifungua dirisha la chumba, ili mmoja asikie kikohozi na mwingine asikie salamu. Ng'ambo ile ilikuwa karibu kiasi kwamba aliweza kunusa supu iliyokuwa ikichemka. Gauni lilipokamilika alilipitisha juu ya lango, na gauni lilipita bila taabu, likapokelewa. Alilitazama likivuka barabara mikononi mwa dada yake na kuingia ndani ya nyumba ambayo yeye hakuwahi kuingia.

Mama alifariki wiki ile ile. Njia ya kwenda kanisani ilikuwa barabara, lakini Héritière alikwenda kuzungumza na mzee mwenye mbwa, na mzee akasema hana pingamizi. Jeneza likapitishwa msituni. Lilibebwa na Wakongo wachache waliotoka mjini wakiwa wamevaa viatu visivyofaa kwa matope, na mzee mwenyewe akashika pembe moja. Jeannine alitembea kando yake, kiganja kimelala juu ya mbao, mpaka lango la upande wa kanisa. Hapo wabebaji walisimama. Hakuna aliyeambiwa asimame. Jeannine aliinama akazungumza na jeneza maneno ambayo wengine hawakuyasikia, kisha akaondoa kiganja, nao wakapita.

Kaburi halikuwa mbali na lango. Walipoanza kuimba kwa Kiswahili, sauti ya pili ilipungua, kwa kuwa nyumbani siku zote aliishika Jeannine. Akaishika kutoka pale alipokuwa, na wimbo ukakaa sawa. Wakati wa udongo ulipofika alichota wa msituni, mweusi, wenye majani yaliyooza ndani yake, akanyoosha mkono juu ya lango. Héritière alikuja na viganja viwili wazi, akaupokea, akaenda kuumimina, kisha ndipo akachota wa kwake.

Jeannine alibaki pale mpaka kaburi lilipojaa na watu wakaenda kula nyumbani kwa dada yake. Halafu akarudi kwa kijia.

Égide alikuwa ameshafunga mlango wa mbele wa karakana. Alimvutia kiti, akamtazama viatu, hakusema lolote kuhusu sakafu.

"Umemzika mama?"

"Wamemzika," Jeannine alijibu. "Mimi nilikuwa langoni."