Waingereza Sita Mezani kwa Hilletje

Jumanne moja ya Oktoba 1962, Hilletje alikuwa anamenya viazi vya mchana Waingereza sita walipoingia jikoni kwake kutoka shambani. Walivua mabuti mlangoni. Walikuwa wamekufa miaka kumi na tisa iliyopita, na nguo zao zilichuruzika maji ya ziwa, ingawa ziwa lenyewe serikali ilishalikausha na kuligawa mashamba. Jana yake plau ya mumewe, Wubbe, ilikuwa imenasa kwenye bawa la ndege yao ya mabomu, katikati ya viazisukari.

Hilletje akatandika magazeti chini ya viti, akawapakulia supu ya njegere. Jirani yake Aafke, aliyekuja kuazima chujio, aliwahesabu akanung'unika kwamba yeye kaangukiwa na Mjerumani mmoja tu, tena hali chochote, kutwa anadai tumbaku.

Wubbe aliporudi aliwatazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani kwenye bustani yake.

"Watoe," akasema.

"Wana njaa."

"Wakale kwao."

Hakuna aliyetoka. Wubbe alikula kasimama.

Wakawa wanakuja kila adhuhuri. Siku zote waliacha kiti kimoja wazi, na mkate waliukata vipande saba. Wiki ya pili Hilletje akamwuliza kwa ishara yule mdogo wao, aliyekuwa akishika bunduki ya mkiani mwa ndege, mwenzao yuko wapi. Kijana akamnyooshea Wubbe kijiko. Wengine wakaacha kula.

Wubbe aliendelea kutafuna. Kisha akaeleza, bila kupunguza sauti, kwamba wakati wa vita alikuwa mlinzi wa tuta la kuzuia maji kijijini kwao, ng'ambo ya ziwa. Alfajiri moja mtu alifika akiogelea, akashika mawe ya tuta. Wajerumani walioiteka nchi walikuwa wanachoma nyumba ya yeyote aliyemficha mwanahewa. Wubbe alimkanyaga vidole mpaka vikaachia.

"Hakukuwa na mtu wa kukuona," Hilletje akasema. "Ungegeuka tu, ukamwacha apande."

"Nyumba ilikuwa yangu, si yako."

"Alisema nini?"

"Alisema asante. Aliponiona nashuka kwenye mawe, alidhani nakuja kumpa mkono."

Hilletje akaondoa sahani ya mumewe mezani. Tangu siku hiyo hakumpakulia tena, na Wubbe akawa anajipakulia mwenyewe, sehemu kubwa kuliko zamani.

Hilletje alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, akasema enzi zile kila mtu alijiokoa alivyoweza, kisha akauliza kama supu ya njegere haiwalemei wageni wake.

Majira ya kuchipua serikali ilileta winchi, ikanyanyua ndege, mifupa ikazikwa kwa heshima. Waingereza walihudhuria maziko yao, na adhuhuri wakaja kula kama kawaida. Pembeni mwa shamba likasimikwa jiwe lenye majina saba.

Siku ya kulizindua, meya alisoma barua kutoka Uingereza. Mama wa yule wa saba alimshukuru mkulima aliyeipata ndege, akauliza kama kuna aliyemwona mwanawe siku ile. Meya akasema inasikitisha, ziwa lilimchukua.

"Si ziwa," Hilletje akasema kutoka safu ya tatu. "Ni mume wangu. Alimkanyaga vidole akazama."

Wale sita, waliosimama nyuma wakichuruzika, wakatikisa vichwa kukubali. Watu wakasogeza viatu maji yasiwafikie. Meya alisubiri kwa adabu ili ajue kama Hilletje ana la kuongeza, kisha akamkaribisha Wubbe aweke shada. Wubbe akaliweka, akalinyoosha utepe. Baadaye ilitolewa kahawa, na Aafke akamwambia Hilletje kwamba mambo ya nyumbani husemwa nyumbani.

Hilletje aliomba anwani ya yule mama. Karani wa meya akajibu kwamba anwani hazitolewi. Barua ya majibu iliandaliwa ofisini kwa meya, ikaletwa shambani itiwe sahihi na mkulima mwenyewe. Wubbe aliisoma mara mbili mezani, wale sita wakimtazama, akatia sahihi. Iliandikwa kwamba mwanawe hakufika nchi kavu.