Mwendo Wangu Ukutani

Mtoto wa kaka yangu tunamwita Fundi kwa kumtania tu, maana hajawahi kubadilisha hata balbu. Alikuwa anajifunza kutengeneza michezo ya kompyuta, na kazi yake ya kumalizia kozi ilikuwa kumtembeza kwenye skrini bibi mmoja mwizi wa kuku. Bibi mwenyewe alikuwa hatembei. Anateleza tu sakafuni kama kabati linalosukumwa.

"Unamburuta," nikamwambia. "Mtu anatembea kwa mwili mzima."

"Basi tembea wewe, shangazi, nikuangalie."

Nikatembea kutoka mlangoni hadi jikoni na nyonga yangu hii mbovu, kwenda na kurudi, naye ananipiga video kwa simu. Nilivaa gauni langu la kutokea, mjinga mimi. Kisha nikakaa pembeni yake. Anabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, anasogeza mguu wa bibi, na chini ya skrini, kwenye mstari wa muda, inatokea alama. Anasonga mbele kidogo, anainamisha kiuno, alama nyingine. Kati ya alama na alama mashine inajaza mwendo yenyewe. Mara moja alisahau kuzima kile kitufe, akahamisha banda la kuku, na banda nalo likaanza kutembea. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

"Bega lipande kwanza," nilimfundisha, "ndipo nyonga ishuke."

Akazivuta alama, akazipanga upya, na bibi akachechemea kama mtu. Nilijiona wa maana sana.

Siku ya maonyesho nilikaa mstari wa mbele. Bibi akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango. Fundi alikuwa ametia chumvi: bega linagusa sikio, nyonga inaanguka karibu na sakafu, na kuku kwapani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo, huku aibu inanipanda shingoni.

"Mwendo huu umeutoa wapi?" mwalimu wake akauliza.

Fundi akanitazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Nimeubuni tu mwenyewe."

Laiti ningekasirika, ningepata nafuu. Niliona haya kwa ajili yangu na kwa ajili yake, maana mimi ndiye niliyemlea akawa hivyo.

Watu wakasimama kupiga soga, wakaujaza mlango. Nilibaki kitini najifanya natafuta kitu mkobani, nikimsubiri aje anishike mkono tutoke wote. Hakuja, na watu hawakupungua. Nikainuka. Nilijaribu kujinyoosha, lakini nyonga haina adabu.

Nilipofika katikati ya ukumbi maongezi yakakatika. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwalimu akanipisha akiwa ameinamisha kichwa. Nikageuka kumtafuta Fundi: alikuwa kule mbele, amenipa mgongo, anakunja waya uliokuwa umeshakunjwa.