FUNGA

Nilikuwa na wiki tatu tu kazini nilipomwomba Mkuu aruhusu timu zetu ziandike majina ya ujumbe wa gari kwa Kiswahili badala ya namba. Mlango, kioo na mkanda, kila kimoja kina kompyuta yake ndogo, na zote husemezana kupitia waya mmoja. Niliamini kabisa kwamba tukielewana sisi, nazo zitaelewana.

"Haya, binti," Mkuu alisema. "Lakini nikilijaribu gari Ijumaa likanitia aibu, tunarudi kwenye namba, na mpango wako tunauzika."

Ijumaa Mkuu aliketi garini, akafunga mkanda, akachungulia dirishani kutupungia. Kompyuta ya mkanda ikatangaza: FUNGA.

Milango ikajikomea, ka! Vioo vikapanda. Kichwa Mkuu aliwahi kukirudisha ndani; tai ikabaki nje.

"Nani kaandika FUNGA?" niliuliza.

"Mimi," alisema fundi wa milango, tuliyemwita Kitasa. "Si kukomea?"

"Hata mimi," alisema dada wa vioo. "Si kupandisha?"

"Jamani," alisema kaka wa mikanda, "mimi nilitoa taarifa tu kwamba mkanda umefungwa."

Ndani, Mkuu alikuwa akisema mambo ambayo, namshukuru Mungu, hatukuyasikia.

"Tuma FUNGUA!" nilipiga kelele.

Kitasa akabonyeza. Vioo vikashuka, milango ikafunguka, boneti ikainuka, mkanda ukamwachia, na Mkuu, aliyekuwa ameuegemea mlango, akatua sakafuni.

Nilimkimbilia. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba," alijibu kutoka chini.

"Turudi kwenye namba?" Kitasa aliuliza.

"Mkuu, neno halina kosa," nilisema haraka. "Kosa ni kwamba kila timu iliandika chumbani kwake. Mlango ukomewe, kioo kipandishwe, mkanda ufungwe. Ila tukubaliane kwanza, meza moja."

Mkuu alijipangusa magoti. "Nyumbani kwenu mnajua kukomea, kushindika, kubana. Mkija kazini, wote mnang'ang'ania funga! Meza hiyo ataisimamia nani?"

Wote wakanigeukia.

"Mimi."

"Basi kaeni."

Hadi saa sita tulikuwa tumemaliza maneno kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa WASHA.

"Taa, injini au redio?" aliuliza dada wa vioo.

Mkuu akavua tai, akavuta kiti.