Mistari Miwili ya Mawe

…na bado ananiuliza, mkono umezama ndani ya chimni ya meko ya sebuleni hadi begani, masizi yakidondoka kwenye zulia, "Mama Melvin, ni fundi gani alikufanyia hii kazi?", ananiuliza mimi, Mwololo huyu huyu aliyekula githeri jikoni mwangu siku tisa, miaka miwili tu iliyopita, Melvin hata hajazaliwa, hanikumbuki, au anajifanya, kila fundi wa Kitengela huanza hivyo, kwanza amtukane aliyemtangulia ndipo ataje bei, lakini huyu anajitukana mwenyewe, "Huyo alikuharibia kabisa, hata timazi ya kunyooshea ukuta hajui ni nini," na Mama yangu pale kwenye kochi, blanketi mbili, anakohoa kile kikohozi kinachomkunja mgongo, daktari alisema moshi tena hapana, na baridi ya Julai inapenya chini ya mlango, hakuna mti wa kuizuia hadi Isinya, elfu thelathini na nane, anasema, juu ya elfu tisa za Machi nilizompa fundi mwingine za kuziba nyufa, juu ya zile za kukwangua masizi, kana kwamba najenga kanisa, kana kwamba moshi ni mtoto wa bweni na mimi ndiye mlipa karo, nitamwambia, sasa hivi nitamwambia, ni wewe Mwololo, ni wewe uliyeijenga, "Ona," anasema, "imeishia chini ya kilele cha paa, upepo ukigonga pale unausukuma moshi ndani, ilitaka mistari miwili ya mawe zaidi," mistari miwili… ngoja, haya nimeyasikia, alisimama pale dirishani, kofia mkononi, akaniambia, dada Lorine, hapo juu tusipunguze, nami nikasema punguza, mistari miwili nani ataiona, hizo pesa zinunue mawe meupe ya urembo huku mbele ya meko, wageni wakiingia wayaone, naye akapunguza, akapokea pesa yake, alijua na akapokea, kwa hiyo hasira yangu ni ya haki, ni ya haki, ila sasa inamfikia na kugeuka, inarudi kwangu kama moshi wenyewe, na Mama hakuyatazama yale mawe meupe hata siku moja, alivuta kiti, akanyoosha mikono, alitaka moto tu, kama kwao Ugenya, watu wakae waongee, "Wewe baba, usimtukane sana huyo fundi," anasema sasa, akivuta pumzi, "labda aliambiwa afanye hivyo," na hanitazami, anakunja ncha ya blanketi, siku ile alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, alisikia, miaka miwili amesikia na amekohoa na hajasema neno, na Mwololo anacheka, "Aambiwe na nani, shosho, mtu gani anaweza kuagiza moshi nyumbani kwake?", mkono bado uko ndani, masizi bado yanadondoka, anangoja nimtaje mtu, na jina lililo mdomoni mwangu ni Lorine.